Udaga

Udaga ni muhogo uliomenywa, ukavundikwa kwa siku kadhaa, kisha ukakaushwa juani na kusagwa kuwa unga. Jina hilohilo hutumika kwa vipande vikavu kabla ya kusagwa na kwa unga wenyewe. Udaga unajulikana zaidi katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania, ikiwa ni pamoja na mikoa ya Geita, Mwanza, Mara na sehemu za Shinyanga. Kutokana na unga wake hupikwa *ugali wa udaga*.

Udaga hutengenezwa nyumbani bila hamira wala dawa yoyote ya dukani. Kazi yote ya kuchachusha hufanywa na kuvu na bakteria waliomo tayari hewani, kwenye ganda la muhogo na mahali unapovundikwa. Kwa sababu hiyo ni jamaa wa togwa na wa mkate wa chachu asilia, ambao unga na maji huachwa vichachuke vyenyewe. Hata hivyo uchachushaji wa udaga una lengo la pekee. Hautafuti ladha tu, bali huondoa sehemu kubwa ya sumu ya sianidi iliyomo katika mihogo michungu. Siku za kuvundika zikipunguzwa, chakula kinaweza kuonekana sawasawa na bado kikadhuru.

## Muhogo katika Geita na Shinyanga

Muhogo (jina la kisayansi: *Manihot esculenta*) asili yake ni Amerika ya Kusini. Uliletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16, ukaenea polepole hadi maeneo ya maziwa makuu. Wakati wa utawala wa Waingereza huko Tanganyika, wakulima walihimizwa, na mahali pengine kulazimishwa, kupanda muhogo kama akiba ya njaa. Sababu ni kwamba muhogo huvumilia ukame na udongo hafifu, tena unaweza kukaa ardhini kwa miezi mingi ukisubiri kuvunwa.

Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Una wilaya za Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale. Upande huu hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga, na muhogo ni kati ya mazao yake makuu ya chakula. Shinyanga ni kukavu zaidi, hivyo mtama, mahindi na viazi vitamu vina nafasi kubwa. Huko Wasukuma hukausha viazi vitamu kuwa *michembe*, chakula cha akiba kama ulivyo udaga.

Ukanda huu ni pia ukanda wa dhahabu. Kuna migodi mikubwa kama Mgodi wa Dhahabu wa Geita na Bulyanhulu, na machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, kwa mfano Nyarugusu na Rwamagasa. Machimbo huvuta watu wasiolima, ambao hununua chakula sokoni. Hivyo mara nyingi mlaji wa udaga si yule aliyeuvundika, wala hawezi kujua ulikaa siku ngapi.

Sababu nyingine ya kutengeneza udaga ni kwamba mizizi ya muhogo huharibika haraka. Siku 2 au 3 baada ya kung'olewa, ndani yake huanza kuwa na mistari ya buluu nyeusi. Udaga mkavu huhifadhika kwa miezi na ni mwepisi kubeba. Kwa kawaida kilo 3 hadi 4 za muhogo mbichi hutoa kilo 1 ya unga.

## Sumu ya muhogo

Muhogo hujilinda dhidi ya wadudu na wanyama kwa kemikali inayoitwa linamarini. Yenyewe bado si sianidi. Ndani ya seli za mmea, linamarini huhifadhiwa mbali na kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Seli zinapopasuka kwa kukatwa, kupondwa au kulainika, viwili hivyo hukutana. Kimeng'enya huvunja linamarini, na hatua ya mwisho ya mabadiliko hayo ni gesi ya sianidi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo hupotea hewani kwa urahisi, hasa juani.

Kutokana na maelezo hayo mambo mawili hueleweka.

Kwanza, kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu hakutoshi. Joto kali huharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, lakini linamarini yenyewe huvumilia moto na kubaki katika chakula. Inapofika tumboni inaweza kuvunjwa na bakteria wa utumbo na kutoa sianidi mwilini.

Pili, kukausha vipande vizima juani peke yake hakutoshi pia, kwa kuwa seli nyingi hukauka zikiwa hazijapasuka. Kuvundika husaidia kwa sababu kuvu na bakteria hulainisha kuta za seli, na kimeng'enya cha muhogo wenyewe hupata nafasi ya kufikia linamarini.

Mihogo haina kiasi sawa cha sumu. Mihogo mitamu huwa na kidogo, nayo huliwa ikiwa imechemshwa, kuchomwa au kukaangwa. Mihogo michungu huwa na kiasi kikubwa, na ndiyo inayohitaji kuvundikwa. Uchungu ni dalili ya kuangalia, lakini si kipimo cha kuaminika. Tena muhogo uleule huongeza sumu wakati wa ukame: unga wa mwaka wa kiangazi kikali unaweza kuwa na sianidi mara 2 hadi 4 ya ule wa mwaka wa mvua nzuri.

Sianidi hiyo ni jamii moja na kemikali inayotumika katika mitambo ya dhahabu kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mchanga. Ile ya muhogo, lakini, hutengenezwa na mmea wenyewe, nayo huwamo hata katika mashamba yaliyo mbali kabisa na mgodi.

## Namna ya kutayarisha

Njia hutofautiana kati ya kaya na kaya, lakini zipo aina mbili kuu: kuvundika kwa lundo na kuloweka.

### Kuvundika kwa lundo

Njia hii haihitaji maji mengi, hivyo inafaa mahali ambapo maji huchotwa mbali.

1. Kumenya. Mizizi humenywa mara baada ya kuvunwa. Ganda huondolewa lote, pamoja na ngozi nene ya ndani, kwa kuwa huko ndiko sumu ilikojaa zaidi. Mizizi minene hupasuliwa.
2. Kunyausha. Vipande huanikwa kwa muda, mara nyingi siku moja, ili maji ya juu yapungue. Vikiwa vibichi mno huelekea kuoza badala ya kuchachuka.
3. Kulundika. Vipande hukusanywa pamoja juu ya mwamba, jamvi au majani, kisha hufunikwa kwa majani ya migomba, nyasi au magunia. Kifuniko hushika joto na unyevu.
4. Kusubiri. Lundo huachwa siku 3 hadi 5. Ndani yake hupata joto, na kuvu huota juu ya vipande. Wakati wa baridi siku huongezeka.
5. Kukwangua. Vipande vilivyokuwa tayari hutolewa, na kuvu wa juu hukwanguliwa kwa kisu.
6. Kuvunja. Vipande hufinywa kwa mkono au kupondwa kwenye kinu kuwa mabonge madogo. Hatua hii si ya kurahisisha ukaushaji tu. Hupasua seli zilizobaki na kuongeza eneo ambalo gesi inaweza kutokea.
7. Kukausha. Mabonge huanikwa juani kwa siku 1 hadi 3, kwa tabaka jembamba, na kugeuzwa mara kwa mara. Miamba mipana, ambayo ni mingi katika nchi ya Wasukuma, hutumika sana kwa kazi hii. Karatasi ya turubai au kichanja hupunguza mchanga na uchafu.
8. Kusaga. Udaga mkavu hutwangwa na kuchekechwa, au hupelekwa mashineni.

### Kuloweka

Mizizi iliyomenywa hutumbukizwa katika chombo cha maji kwa siku 3 hadi 5 mpaka ilainike. Hapa kazi hufanywa hasa na bakteria wa asidi laktiki, jamii ileile inayochachusha maziwa mgando na togwa. Baadaye mizizi hukamuliwa, huondolewa nyuzi za katikati, huvunjwavunjwa na kukaushwa. Unga wake huwa mweupe kuliko ule wa lundo na huwa na harufu ya uchachu. Muhogo uliolowekwa namna hii katika sehemu nyingine za Tanzania hujulikana kama *kivunde*. Kuloweka huondoa sumu vizuri sana, kwa sababu mizizi hulainika hadi ndani na sehemu ya linamarini huyeyuka na kubaki majini. Maji hayo humwagwa, wala hayapikiwi.

### Dalili za kuwa tayari

Hesabu ya siku ni mwongozo tu, kwa kuwa joto, ukubwa wa vipande na aina ya muhogo huleta tofauti. Dalili zinazotazamwa ni hizi:

* kipande hubonyea kwa kidole hadi katikati, bila kiini kigumu;
* kinavunjika kwa mkono bila kisu;
* harufu ni ya uchachu, si ya uvundo wa kitu kilichooza;
* kikishakauka, kinavunjika kwa mlio na kuwa ungaunga, hakipindi.

Kipande kilicho laini nje na kigumu ndani hakijaiva. Anayejifunza hupata urahisi akipasua vipande vifanane ukubwa, ili vyote vifikie wakati mmoja. Vilivyobaki vigumu hurudishwa chini ya kifuniko kwa siku moja zaidi.

## Viumbe wanaochachusha

Muhogo wa kuvundikwa kwa lundo ulichunguzwa kwa kina nchini Uganda, ambako hutengenezwa kwa namna inayofanana na ya Kanda ya Ziwa. Kati ya viumbe waliopatikana ni kuvu *Neurospora sitophila*, mwenye rangi ya machungwa, na jamii ya *Rhizopus*, mwenye nyuzi za kijivu na vitone vyeusi. Waliopatikana pia ni bakteria wa jenasi *Bacillus*.

Kuvu hao hukua upesi kutokana na joto la lundo, na huacha kukua muhogo unapokauka. Hatari huja kama ukaushaji unachelewa, kwa mfano mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo. Hapo kuvu wengine wanaoweza kutengeneza sumukuvu hupata nafasi. Udaga uliopata ukungu mpya *baada ya* kukaushwa, au uliohifadhiwa ukiwa na unyevunyevu, haufai kuliwa. Viwango vya kimataifa vinataka unga wa muhogo usizidi asilimia 13 ya unyevu.

## Kiasi cha sumu kinachobaki

Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Uchunguzi uliofanyika Msumbiji ulionyesha kwamba kukausha juani pekee huacha asilimia 25 hadi 33 ya linamarini, wakati kuvundika kwa lundo huacha asilimia 12.5 hadi 16.5. Maana yake lundo huacha takriban nusu ya kile kinachoachwa na jua peke yake.

Mfano wa hesabu unaonyesha kwa nini hata lundo lina mipaka yake. Tuseme muhogo mchungu una miligramu 100 za sianidi kwa kilo, na kilo 3 hutoa kilo 1 ya unga. Bila kuondoa chochote, kilo hiyo ya unga ingekuwa na miligramu 300. Ikibaki asilimia 15, ni miligramu 45, yaani zaidi ya mara 4 ya kiwango. Kwa muhogo wenye sumu kidogo matokeo huwa mazuri; kwa muhogo mchungu wa mwaka wa ukame inahitajika hatua moja zaidi.

Hatua hiyo ni kulowanisha unga, njia iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Unga mkavu huchanganywa na maji mpaka uloane wote, kisha hutandazwa kwa tabaka jembamba lisilofika sentimita 1. Huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu hupikwa siku hiyohiyo. Linamarini iliyobaki huvunjwa na gesi yake huondoka. Njia hii hupunguza sianidi mara 3 hadi 6, kwa hiyo miligramu 45 za mfano hapo juu zingeshuka kufikia kati ya 7.5 na 15. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walishiriki kuifundisha katika vijiji vya kusini mwa nchi vilivyopatwa na konzo.

Kupima unga kunawezekana pia bila maabara kubwa, kwa kutumia karatasi za pikrati ambazo hugeuka kutoka njano kuwa kahawia kadiri sianidi inavyoongezeka.

## Madhara ya muhogo usiotayarishwa vizuri

Sumu ya ghafla huleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika na udhaifu ndani ya saa chache baada ya kula. Watoto huathirika upesi zaidi. Mgonjwa anatakiwa kufikishwa kituo cha afya mara moja, kwa kuwa sumu nyingi huweza kuua.

Kula sumu kidogokidogo kwa wiki nyingi, pamoja na upungufu wa protini, huhusishwa na konzo. Huu ni ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliyefanya kazi Kongo. Mwaka 1981 mlipuko nchini Msumbiji uliwaathiri watu zaidi ya 1,000. Nchini Tanzania mlipuko ulitokea mwaka 1985 wakati wa ukame mkali katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, yaani katika Kanda ya Ziwa yenyewe. Kati ya wataalamu walioueleza alikuwa Hans Rosling, daktari Mswidi aliyekuja kujulikana duniani baadaye kwa kazi yake ya takwimu.

Katika milipuko hiyo hali ilikuwa na mfanano. Njaa ilipozidi, muhogo mchungu ulikuwa karibu chakula pekee kilichobaki, na watu waliokosa akiba hawakuweza kusubiri siku zote za utayarishaji. Ukame uliongeza sumu katika mizizi wakati uleule ambao njaa ilipunguza siku za kuvundika.

Kitoweo kina nafasi yake katika kinga. Mwili hugeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali kwa kutumia salfa inayotoka katika protini. Unga wa muhogo una protini ndogo mno, lakini dagaa, samaki, maziwa, nyama na kunde huileta. Kwa hiyo ugali wa udaga kwa dagaa wa Ziwa Viktoria si mazoea ya ladha tu.

## Udaga na uchafuzi wa machimbo

Uchachushaji huondoa sianidi ya muhogo kwa sababu inageuka gesi. Hauondoi metali. Wachimbaji wadogo wa Geita wametumia zebaki kwa miaka mingi kunasa dhahabu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima zebaki na aseniki katika maji, udongo na mimea ya muhogo huko Rwamagasa. Metali hizo haziondoki kwa kuvundika, kukausha wala kupika. Hivyo muhogo haufai kulimwa, kulowekwa wala kuanikwa karibu na marudio ya mchanga wa dhahabu, madimbwi ya kuoshea mchanga au mahali panapochomwa zebaki. Mwamba uliokuwa ukitumika kusagia au kukaushia mchanga wa dhahabu haufai kuanikia chakula.

## Upishi

Ugali wa udaga hupikwa kwa kumimina unga katika maji yanayochemka na kusonga kwa mwiko. Huiva upesi kuliko ule wa mahindi, una rangi ya kijivu au kahawia, tena hunata na kuvutika. Watu wengi huchanganya unga wa udaga na ule wa mahindi au mtama ili kupunguza unato huo na kuongeza lishe. Huliwa pamoja na dagaa, samaki, mlenda, kisamvu, maziwa mgando au *nsansa*, majani makavu ya kunde yanayopendwa na Wasukuma.

## Ulinganisho na vyakula vingine vilivyochachushwa

* Mkate wa chachu asilia huchachushwa na hamira za porini pamoja na bakteria wa asidi laktiki. Huumuka kwa sababu ngano ina gluteni inayoshika gesi. Muhogo hauna gluteni, ndiyo maana udaga hauwi mkate wa kuumuka.
* Togwa ni kinywaji cha Tanzania kinachotokana na uji wa nafaka uliochanganywa na kimea.
* Gari ya Afrika ya Magharibi hutengenezwa kwa muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa na kukaangwa bila mafuta. Kukuna hupasua seli vizuri sana.
* Chikwangue ya Kongo hutokana na muhogo uliolowekwa, kupondwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya majani.

Wanaoanza kutengeneza mkate wa chachu asilia wakikosea muda, hupata mkate mgumu au mchachu kupita kiasi. Katika udaga kosa la muda hubaki ndani ya unga, halionekani kwa macho wala halipotei kwa moto.

[[Jamii:Vyakula vya Tanzania]]
[[Jamii:Mkoa wa Geita]]
[[Jamii:Mkoa wa Shinyanga]]